Ukadiriaji wa umri wa samaki kwa otolithi

Ukadiriaji wa umri wa samaki kwa otolithi ni njia ya kujua samaki ameishi muda gani kwa kuhesabu tabaka zilizojengeka ndani ya vijiwe vya masikio yake. Vijiwe hivyo huitwa otolithi, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "sikio" na "jiwe". Mara nyingine huitwa pia "mifupa ya sikio", lakini si mifupa: havina seli hai wala mishipa ya damu, na tabaka likishawekwa kwa kawaida mwili haulibomoi tena. Kwa sababu hiyo otolithi hutunza kumbukumbu ya maisha ya samaki vizuri kuliko mifupa na magamba.

Umri ni habari ya msingi katika usimamizi wa uvuvi. Asiyejua samaki fulani huanza kuzaa akiwa na miaka mingapi, na huishi hadi lini, hawezi kusema ni tani ngapi zinaweza kuvuliwa kwa mwaka bila kumaliza akiba. Kuhesabu pete ni kazi inayofundishika. Lililo gumu ni kuthibitisha kwamba pete moja kweli ni mwaka mmoja, na makosa katika jambo hilo yamewahi kusababisha samaki kuvuliwa kwa kasi wasiyoweza kuihimili.

== Otolithi ni nini ==

Samaki wenye mifupa wana jozi tatu za otolithi, yaani vijiwe vitatu kila upande wa kichwa, ndani ya sikio la ndani. Majina yake ya Kilatini ni sagitta ("mshale"), lapillus ("kijiwe") na asteriscus ("kinyota"). Kila kimoja kimo katika kifuko chenye majimaji, kikiegemea seli za hisia zenye vinyweleo. Samaki anapoinama, anapogeuka au sauti inapopita, kijiwe huchelewa kidogo kuufuata mwili kwa sababu ni kizito kuliko nyama iliyokizunguka. Vinyweleo hupinda na ubongo hupata habari. Hivyo otolithi humsaidia samaki kusikia na pia kujua upande upi ni juu.

Kwa spishi nyingi sagitta ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo inayosomwa. Anayependa kula kichwa cha samaki huenda ameiona bila kuijua: ni kile kitu cheupe kigumu kama kigae cha kaure kinachobaki kwenye sahani. Kambare ni tofauti, kwani kwake lapillus ndiyo kubwa. Papa na taa hawana vijiwe vikubwa vya namna hii, bali chembe ndogo kama mchanga, na umri wao hutafutwa kwenye pingili za uti wa mgongo.

Otolithi imejengwa kwa kabonati ya kalsi, mara nyingi ya aina inayoitwa aragoniti, juu ya utando mwembamba wa protini. Inaanza kama kiini kidogo kabla yai halijaanguliwa, kisha huongezewa tabaka kwa nje maisha yote. Samaki anapokua haraka huwekwa tabaka pana lisilopitisha mwanga vizuri. Anapokua polepole huwekwa tabaka jembamba linalopitisha mwanga. Tabaka hizo mbili pamoja huhesabiwa kuwa pete moja. Wanaoanza kujifunza huchanganyikiwa hapa, kwa sababu tabaka zito huonekana jeupe likimulikwa kutoka juu kwenye kitambaa cheusi, lakini huonekana jeusi likimulikwa kutoka chini ya hadubini. Ni tabaka lilelile.

Magamba nayo yana pete, na ni rahisi kuyapata bila kumuua samaki. Lakini gamba likidondoka huota jipya lisilo na historia ya miaka iliyopita, na wakati wa njaa mwili unaweza kufyonza kingo za gamba ili kupata kalsi. Otolithi huendelea kukua hata samaki anapodhoofika.

== Historia ==

Kwamba baadhi ya samaki wana mawe kichwani kulijulikana tangu kale. Aristoteli aliandika habari hiyo. Mwaka 1759 kasisi Msweden Hans Hederström alichapisha umri wa samaki aliopata kwa kuhesabu pete kwenye pingili za uti wa mgongo, lakini kazi yake haikufuatwa kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1899 Mjerumani Johannes Reibisch alionyesha pete za mwaka katika otolithi za samaki bapa wa Bahari ya Kaskazini, Pleuronectes platessa.

Thamani ya umri ilidhihirika mwaka 1914, wakati Mnorwei Johan Hjort alipochapisha uchunguzi wake wa heringi. Kwa kusoma magamba ya samaki wengi mwaka baada ya mwaka, aligundua kwamba heringi waliozaliwa mwaka 1904 walikuwa wengi mno, wakaendelea kutawala nyavu za wavuvi kwa miaka mingi iliyofuata. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba samaki wakipungua basi wamehama. Hjort alionyesha kwamba mavuno ya leo yanaweza kutegemea mwaka mmoja mzuri wa kuzaliana uliopita zamani. Jambo hilo halionekani kwa kupima uzito wa samaki waliovuliwa peke yake.

== Namna ya kusoma otolithi ==

Otolithi hutolewa kwa kukata fuvu kwa juu, nyuma kidogo ya macho, au kwa kufunua mashavu na kupasua sakafu ya fuvu kutoka chini. Njia ya pili inafaa zaidi dikoni na sokoni, maana mchuuzi hatakubali samaki wake abaki na kichwa kilichopasuliwa. Kijiwe huoshwa, hukaushwa na kuwekwa katika bahasha ndogo iliyoandikwa tarehe, mahali, urefu, uzito na jinsia ya samaki. Hakihifadhiwi katika formalini, kwa sababu formalini ikigeuka kuwa na asidi humong'onyoa kingo, na kingo ndizo zenye habari za miezi ya mwisho.

Otolithi nyembamba za samaki wachanga zinaweza kusomwa nzima, zikiwa ndani ya maji au gliserini. Zile nene huvunjwa katikati kupitia kiini na kuchomwa kidogo juu ya moto wa taa ya spiriti, hadi tabaka zenye protini nyingi zinageuka rangi ya kahawia na kuonekana wazi. Maabara zenye vifaa huzigandisha ndani ya gundi ngumu na kukata kipande chembamba, kisichofikia nusu milimita, kwa msumeno wenye almasi.

Msomaji huanza kwenye kiini na kuhesabu kuelekea ukingoni. Kwa kawaida wasomaji wawili hufanya kazi bila kuonyeshana majibu na bila kuambiwa urefu wa samaki, kwa sababu anayejua kwamba samaki alikuwa mkubwa hujikuta anaona pete nyingi zaidi. Baadaye majibu hulinganishwa. Hata hivyo kukubaliana kwao hakuthibitishi kwamba wamepata umri sahihi. Wasomaji wawili waliofundishwa kosa moja watakubaliana daima.

== Je, pete moja ni mwaka mmoja? ==

Katika nchi za baridi swali hili lina jibu la karibu: wakati wa majira ya joto samaki hukua, wakati wa baridi husimama. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani kwamba katika tropiki, ambako hakuna majira ya baridi, otolithi hazingekuwa na pete za kuaminika. Dhana hiyo ilikuwa nzito mno. Samaki wa tropiki nao wana misimu: mvua na kiangazi, mafuriko ya mito, pepo za kusi na kaskazi, na vipindi vya kuzaa ambapo nguvu za mwili huelekezwa kwenye mayai. Kwenye miamba ya matumbawe ya Australia imethibitishwa kwamba spishi nyingi huweka pete za mwaka, na kwamba kangaja kadhaa, samaki wasiozidi urefu wa mkono wa mtu, huishi zaidi ya miaka 30.

Lakini msimu wa tropiki si lazima uwe mmoja kwa mwaka. Mfano mzuri unatoka Ziwa Awassa katika Bonde la Ufa la Ethiopia. Mwaka 2000 Demeke Admassu na John Casselman walichapisha utafiti juu ya sato (Oreochromis niloticus) wa ziwa hilo, spishi ileile inayovuliwa na kufugwa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Waligundua kwamba sato wakubwa huweka pete mbili kila mwaka. Anayehesabu pete nane akasema "miaka nane" amezidisha umri mara mbili: samaki huyo ana miaka minne. Mtu huyo angeamini kwamba sato anakua polepole kuliko ilivyo kweli, na mpango wowote wa uvuvi uliojengwa juu ya hesabu hiyo ungeanza na kosa.

Ndiyo maana kila spishi, na mara nyingine kila ziwa, inahitaji uthibitisho wake. Njia rahisi kuelewa ni kutazama ukingo wa otolithi kila mwezi kwa mwaka mzima. Kama tabaka jembamba linaonekana ukingoni mara moja tu kwa mwaka, pete ni ya mwaka; likionekana mara mbili, hesabu hugawanywa kwa mbili. Njia hii haina gharama kubwa, ila inadai subira na samaki wa kila mwezi.

Njia ya uhakika zaidi ni kumtia samaki alama ndani ya otolithi yenyewe. Samaki hudungwa oxytetracycline, dawa ambayo wafugaji wengi wa ng'ombe wanaijua kwa kazi nyingine kabisa. Dawa hii hushikamana na kalsi inayowekwa siku hizo, na baadaye huonekana kama mstari unaong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Samaki huachiliwa akiwa na kitambulisho mgongoni. Akivuliwa tena baada ya miaka miwili, ni lazima pete mbili ziwepo nje ya mstari ule.

Samaki wanaoishi muda mrefu mno hawawezi kusubiriwa hivyo. Kwao hutumika fizikia. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, hasa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliongeza sana kaboni-14 hewani, kisha katika maji ya juu ya bahari. Viumbe wa baharini waliokua wakati huo waliibeba katika kalsi yao. Mwaka 1993 John Kalish alionyesha kwamba ongezeko hilo linasomeka katika otolithi za samaki wa New Zealand. Matumizi yake ni haya: samaki aliyevuliwa mwaka 1990 na kupewa umri wa miaka 15 anapaswa kuwa amezaliwa mwaka 1975, na kiini cha otolithi yake kiwe na kaboni-14 nyingi. Kiini kikionekana na kiwango cha kabla ya mabomu, samaki huyo alizaliwa miaka mingi mapema zaidi, hata kama msomaji ana hakika na macho yake.

Njia nyingine hutumia elementi nururifu za asili. Radi-226 iliyo katika maji ya bahari huingia katika otolithi, kisha hugeuka polepole na hatimaye kuzaa risasi-210, yenye nusumaisha ya takriban miaka 22. Kadiri kiini kinavyozeeka ndivyo risasi-210 inavyoikaribia radi-226 kwa unururifu, na uwiano wao huonyesha muda uliopita.

== Kisa cha orenji-rafi ==

Gharama ya kukosea umri inaonekana wazi kwa orenji-rafi (Hoplostethus atlanticus), samaki mwekundu wa bahari ya kina kirefu, mwenye urefu wa takriban sentimita 40. Uvuvi wake mkubwa ulianza New Zealand mwishoni mwa miaka ya 1970, halafu Australia. Samaki hawa hukusanyika kwa wingi juu ya milima iliyo chini ya bahari, na nyavu za kukokota zilizopita hapo zilijaa upesi. Nyama yake nyeupe ilipata soko zuri Marekani.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba samaki huyu huishi miaka 20 au 30 hivi, na hukomaa mapema. Kosa lilitokana na mahali pa kuangalia. Pete zilihesabiwa juu ya uso wa otolithi. Lakini otolithi ya samaki aliyeacha kurefuka huacha kupanuka pia. Inaendelea kunenepa upande mmoja tu, wa ndani. Pete za uzeeni hurundikana huko na hazionekani mpaka kijiwe kikatwe. Onyo lilikuwa limeshatolewa: mwaka 1979 Mkanada Richard Beamish alionyesha hali hiyohiyo kwa samaki wa Pasifiki, Sebastes alutus, ambao otolithi zao zikivunjwa na kuchomwa zilitoa umri mkubwa zaidi sana kuliko zikitazamwa nzima.

Mwaka 1991 Gwen Fenton, Stephen Short na David Ritz walichapisha vipimo vya radi na risasi kwa orenji-rafi wa Australia. Samaki wakubwa walikuwa na umri wa miaka 77 hadi 149. Ubishi ulizuka, kwa kuwa matokeo hayo hayakuwafurahisha wengi, lakini vipande vilivyokatwa na uchunguzi uliofuata vimethibitisha kwamba spishi hii huishi zaidi ya karne moja na huanza kuzaa ikiwa na takriban miaka 30.

Tofauti hiyo hubadilisha hesabu yote. Akiba ya samaki wanaoishi miaka 25 hujaza pengo haraka, na inaweza kuvuliwa sehemu kubwa kila mwaka. Akiba ya wanaoishi miaka 100 huzaa na kufa polepole. Kinachoweza kuchukuliwa bila kuidhuru ni asilimia chache tu. Wavuvi walikuwa wakitoa baharini samaki waliozaliwa kabla ya babu zao, huku mpango ukiwachukulia kama mavuno ya juzi. Uvuvi katika uwanda wa Challenger, magharibi mwa New Zealand, ulifungwa mwaka 2000 baada ya akiba kuporomoka, na ukabaki umefungwa kwa muongo mzima. Australia ilimweka orenji-rafi katika orodha yake ya spishi zilizo hatarini mwaka 2006.

== Pete za siku ==

Mwaka 1971 Giorgio Pannella alitangaza kwamba kati ya pete za mwaka kuna mistari membamba zaidi, takriban mmoja kwa kila siku. Husababishwa na saa ya ndani ya mwili pamoja na mzunguko wa mchana na usiku. Upana wake ni sehemu ndogo sana za milimita, hivyo kipande husuguliwa pande zote mbili hadi kiini kionekane, na kusomwa kwa hadubini yenye nguvu.

Kwa samaki wanaoishi muda mfupi hii ndiyo kalenda inayofaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hana haja ya pete za miaka, kwani wengi hawamalizi miaka miwili. Kwa kuhesabu siku kurudi nyuma kutoka tarehe ya kuvuliwa, mtafiti anaweza kujua wiki aliyoanguliwa na kuilinganisha na hali ya ziwa wakati huo, kwa mfano pepo za kusini-mashariki zinazokoroga maji na kupandisha virutubishi.

Pete za siku hutumika pia kwa jodari. Kuanzia mwaka 2005 ulifanyika mradi mkubwa wa kuwatia alama jodari wa Bahari ya Hindi, chini ya tume ya kimataifa ya jodari yenye makao Shelisheli. Zaidi ya jodari 160,000 walitiwa vitambulisho na kuachiliwa, wengi wao kwenye maji ya Tanzania. Baadhi walidungwa pia oxytetracycline. Wale waliovuliwa tena waliwapa wataalamu nafasi ya kulinganisha idadi ya mistari na idadi halisi ya siku zilizopita tangu kudungwa.

== Mipaka ya njia hii na njia za jirani ==

Kusoma otolithi kunahitaji msumeno, hadubini, wasomaji waliofundishwa na uthibitisho wa miaka kadhaa. Katika nchi nyingi za tropiki vitu hivyo ni haba. Kwa hiyo tathmini nyingi za maziwa na pwani za Afrika ya Mashariki hutegemea urefu: maelfu ya samaki hupimwa kila mwezi, na ukuaji hukadiriwa kwa kufuata vilele vya urefu vinavyosogea, mbinu zilizoenezwa tangu miaka ya 1980 na Daniel Pauly na wenzake. Kwa dagaa na kwa sato wachanga mbinu hizi hutoa majibu mazuri. Kwa samaki wanaofikia urefu wao wa mwisho mapema na kuendelea kuishi miongo mingi, hazifai, maana mwenye miaka 10 na mwenye miaka 40 hulingana kwenye rula.

Hatari hiyo si ya otolithi peke yake. Silakanti (Latimeria chalumnae), samaki wa kale anayepatikana Komori na pia nje ya Tanga, alikadiriwa kwa magamba kuwa anaishi takriban miaka 20. Mwaka 2021 watafiti nchini Ufaransa walichunguza magamba ya silakanti 27 wa Komori kwa mwanga uliopolarishwa, wakaona mistari membamba ambayo haikuonekana awali. Mzee kuliko wote alikuwa na miaka 84. Kwa hesabu hiyo mpya mimba hudumu kama miaka mitano, na jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 50 na kitu. Silakanti wa Tanga wengi wamepatikana katika nyavu za jarife zilizotegwa kwenye maji ya kina kirefu kuvua papa, na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa huko mwaka 2009 ilipewa jina lake.